Risala ya Wasaidizi wa Kisheria kwa Mgeni Rasmi: Tunaomba Tamko Lirudishwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata na wenyeviti wa mitaa,
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutukutanisha siku hii ya Saba Saba, ambayo pia ni Siku ya Kiswahili Duniani. Tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu huku tukijua jinsi majukumu yalivyokusonga. Tulikualika mwaka juzi, tukakualika na mwaka jana. Leo umefika, na akina mama walioshika vyungu tangu alfajiri wanasema karibu sana, hapa ni nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2016 kwenye kibaraza cha mwenyekiti kikiwa na wanachama 7. Leo tupo 23, wanawake 14 na wanaume 9. Tunatambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tumenunua kabati la chuma lenye kufuli, viti 40 vya plastiki na turubai kubwa ambalo kata nzima sasa inalitegemea kwa shughuli zake. Tumesuluhisha migogoro ya mirathi, mipaka ya viwanja na matunzo ya watoto ambayo ingeijaza mahakama ya mwanzo mpaka barazani. Tunasema bila woga kuwa hakuna kata nyingine katika mkoa wa Arusha iliyopiga hatua kama hii kwa nguvu zake yenyewe.

Changamoto hazikosekani. Hatuna chumba, hatuna kompyuta, na pikipiki tunayotumia kwenda vitongojini ni ya mwanachama. Hayo tumeyaorodhesha kwenye karatasi iliyobanwa nyuma ya risala hii. Tunakuomba uyasome ukifika nyumbani, kwa sababu leo kamati imekubaliana kwa kauli moja kukueleza jambo moja tu: Mtanzania aruhusiwe tena kufungua shauri mwenyewe katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi Machi mwaka huu alikuja mama mmoja wa kata yetu akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ya hukumu ya mdogo wake, imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa mpaka maandishi mengine hayasomeki, na muhuri umefifia. Mdogo wake anatumikia kifungo kirefu. Rufaa zote za ndani zilikwisha mwaka 2022. Mama yule analalamika kwamba shahidi ambaye ndugu yake alimtaja tangu siku ya kwanza hakuwahi kuitwa. Akatuuliza: “Ile Mahakama ya Afrika si iko pale barabara ya Dodoma? Si daladala moja tu? Mnipeleke.”

Katibu wetu ndiye aliyemjibu, na tangu siku hiyo jibu hilo halijamtoka moyoni. Alimwambia, mama, mahakama ipo, na mlinzi getini atakukaribisha vizuri. Ila shauri lako halitapokelewa, kwa sababu wewe ni Mtanzania.

Ndugu wageni waalikwa, naomba tuelezane kidogo, maana si wote tuliopo hapa tunaijua habari hii. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilianzishwa kwa Itifaki iliyopitishwa Ouagadougou, Burkina Faso, mwezi Juni 1998, ikaanza kutumika Januari 2004. Nchi yetu iliridhia, na mwaka 2007 Mahakama ikahamia hapa Arusha. Lakini Itifaki hiyo ina Ibara ya 34(6). Ibara hiyo inasema mtu binafsi au asasi isiyo ya kiserikali haiwezi kupeleka shauri moja kwa moja mpaka nchi husika iwe imetoa tamko maalumu la kukubali. Tanzania ilitoa tamko hilo mwezi Machi 2010, na tulijivuna. Nchi zilizothubutu kufanya hivyo zilihesabika kwa vidole. Hukumu ya kwanza ya Mahakama hiyo katika kiini cha shauri, ya tarehe 14 Juni 2013, ilitokana na shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kuhusu mgombea binafsi. Mtanzania ndiye aliyelifungulia bara zima njia.

Kisha Novemba 2019 Serikali ikawasilisha notisi ya kuliondoa tamko. Kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya Watanzania. Rwanda ilitangulia mwaka 2016. Benin na Ivory Coast zikafuata mwaka huohuo wa 2020. Ghana na Malawi hawakuondoa ya kwao, na hatujasikia kwamba uhuru wao umepungua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajua utatuambia Serikali ilikuwa na sababu. Ilieleza kwamba tamko lilikuwa likitekelezwa kinyume na masharti iliyoyaweka wakati wa kulitoa. Wapo pia wanaosema Mahakama ile ilijigeuza ngazi nyingine ya rufaa juu ya Mahakama yetu ya Rufani. Tunaiheshimu hoja hiyo, na sisi tunaofanya kazi na mahakama zetu kila wiki hatutaki zidharauliwe. Lakini Mahakama ya Arusha imerudia mara nyingi kwamba yenyewe si mahakama ya rufaa. Inachotazama ni kama mwenendo wa kesi uliheshimu Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao nchi yetu iliuridhia kwa hiari yake. Na kabla ya kufika pale ni lazima mtu amalize kwanza njia za ndani. Kama kuna hukumu ambazo Serikali inaona zilivuka mpaka, hoja zipelekwe mbele ya majaji wale wale 11 zikasikilizwe. Mwamuzi akikosea filimbi, mechi haivunjwi.

Wapo pia wanaoona aibu kwamba mashauri mengi pale yalitoka Tanzania. Sisi hatuoni aibu. Wengi walikuwa wafungwa wasio na wakili. Katika shauri la Alex Thomas, Novemba 2015, Mahakama ilisema mtu aliyekabiliwa na kosa zito linaloweza kumpa kifungo cha miaka 30 alipaswa kupewa msaada wa kisheria. Miaka 2 baadaye Bunge letu tukufu likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo ndiyo inayotupa sisi uhalali wa kusimama mbele yako leo. Hatudai kwamba hukumu ndiyo iliyoizaa sheria. Tunasema tu kwamba vyote viwili viliona kidonda kilekile. Novemba 2019, mwezi uleule wa notisi, Mahakama ilisema katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyompa jaji nafasi ya kupima mazingira ya mtu, inakiuka haki ya kuishi. Mambo haya si madogo, na walioyafikisha pale walikuwa watu wadogo.

Na uongozi wa Mahakama hiyo je? Marehemu Jaji Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, alikuwa Rais wake kuanzia 2014 hadi 2016. Jaji Imani Aboud, Mtanzania mwingine, aliiongoza kuanzia 2021 hadi 2025. Katika miaka yake yote minne ya urais, Mtanzania wa kawaida hakuruhusiwa kufungua shauri jipya katika mahakama iliyoongozwa na Mtanzania, kwenye ardhi ya Tanzania. Tunaomba jambo hilo likuume kama linavyotuuma sisi.

Tumeshauriwa tutumie milango mingine. Tumeijaribu yote kwa kusoma, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, hapahapa mjini, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kwenda bila kumaliza njia za ndani. Ni jambo jema sana. Lakini Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 tu tangu tendo litokee au mlalamikaji alijue, na Mahakama hiyo imeshasema haina mamlaka ya kuongeza muda. Mama yetu miezi 2 iliisha akiwa bado anatafuta nauli ya kwenda kuchukua nakala ya hukumu.

Ipo pia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul, Gambia, ambayo inaweza kupeleka shauri Mahakamani hata kwa nchi isiyo na tamko. Ndivyo Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya walivyofika hapa. Tunawapongeza kwa moyo wote. Lakini malalamiko yao yalipelekwa Banjul mwaka 2009, hukumu ikatoka Mei 2017, na amri ya fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85 ikaja Juni 2022. Hiyo ni jamii nzima iliyokuwa na mashirika nyuma yake. Mama mmoja mwenye bahasha ya kaki ataanzia wapi kuitafuta Banjul, ilhali Arusha anaiona kwa macho?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hii si mara ya kwanza kikundi chetu kulisema jambo hili. Kwenye lile kabati la chuma zimo risala 3 za miaka iliyopita, kila moja ilisomwa mbele ya mgeni rasmi wa ngazi yake. Ya kwanza imeandikwa kwa mkono pembeni “Nimepokea, linafanyiwa kazi.” Ya pili imeandikwa “Litafikishwa ngazi husika.” Ya tatu haikuandikwa kitu, ila mgeni alituahidi kwa mdomo, tukapiga makofi, tukampa zawadi ya mbuzi. Hatuwataji kwa majina kwa sababu tunawaheshimu. Barua za ufuatiliaji tulipeleka, na majibu hatujapata mpaka leo. Tunakusomea haya tukiwa na imani kwamba wewe ni wa tofauti, na tumejitahidi sana kuitunza imani hiyo.

Kwa hiyo tunakuomba, kwa unyenyekevu, mambo yaliyo ndani ya uwezo wako. Uulize swali Bungeni katika mkutano ujao, kwa Wizara ya Katiba na Sheria na Wizara ya Mambo ya Nje: je, ni masharti gani hasa Serikali inaona yalikiukwa, na ni lini tamko la Ibara ya 34(6) litarudishwa? Jibu hilo litakuwa kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, nasi tutalinakili na kulibandika ukutani. Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022, utuombee pia fungu la kutafsiri hukumu zinazoihusu nchi yetu. Nakala zilizotufikia sisi zote ni za Kiingereza, na katibu wetu hukesha na kamusi ili aweze kumsomea mfungwa au ndugu yake kilichoamuliwa juu ya maisha yake.

Yule mama yupo hapa leo, ameketi safu ya tatu upande wa akina mama. Hakuomba kusema, na sisi hatukumlazimisha. Ameomba tu umsalimie kabla hujaondoka.

Mwisho wa risala hii tumeacha mistari miwili. Mmoja ni wa sahihi yako ya kupokea. Wa pili ni wa tarehe utakayotuletea jibu, na kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na Katibu kwa niaba ya Kamati.