Upinde wa mvua ukitokea juu ya Dandora, msiseme Mungu ametuchoka

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wakristo wenzangu wa hapa Nairobi, hasa vijana wanaoacha kuja kanisani ati kwa sababu wamekosea mara nyingi sana mpaka hata Mungu mwenyewe ameshawachoka. Kwa ushirika wetu hapa mtaani hayo maneno yanarudi kila mara, na juzi mtoto wa jirani aliniambia waziwazi, mama, mimi kuenda kuomba msamaha tena kwa kitu kile kile naona ni kama kumdharau Mungu. Sikumsomea mistari. Nilimwambia tu angoje mvua ya jioni halafu atazame mashariki.

Sijui kama watu wameangalia hii kitu vizuri. Upinde wa mvua hautokei ovyo ovyo, lazima jua liwe nyuma yako na mvua iwe mbele yako, tena jua liwe limeshuka, ndio maana saa sita mchana huwezi kuuona hapa kwetu hata kama jua linawaka na mvua inanyesha. Sasa mvua ikitunyeshea alasiri, jua linakuwa limeshaenda upande wa Kikuyu na Ngong, kwa hivyo ukisimama Ngara ama Pangani saa kumi na moja hivi na upinde utokee, utauona upande wa Eastlands, juu ya Kariobangi, juu ya Kayole, juu ya Dandora. Dandora hii hii ambako taka za jiji lote zimemwagwa tangu miaka ya 1970, mwaka wa 2001 ikasemwa pamejaa na malori bado yanaingia mpaka leo, moshi kila saa, watoto wanaokota plastiki katikati ya wale ndege wakubwa. Hapo juu ndio Mungu anatandaza ishara ya agano lake, kwamba gharika haitaangamiza dunia tena, na sisi tuko kwa matatu tumeinamia simu.

Na agano lenyewe tunalisoma haraka sana. Hebu rudini Mwanzo 8 na 9 polepole. Gharika imeisha, Nuhu ametoa sadaka, Mungu anasema hatailaani nchi tena kwa ajili ya mwanadamu, na hapo hapo, kwa mstari huo huo, anasema mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Anajua! Hakungoja Nuhu na wanawe wawe malaika ndio aweke upinde mawinguni, na sura ya 9 haijaisha Nuhu mwenyewe amelewa amelala uchi hemani. Yaani ahadi ilitolewa kwa watu ambao Mungu alishaona watakosea tena, na haikuondolewa walipokosea. Huyo kijana wetu anayefikiria ameshamaliza msamaha wake wote angesoma hapo kwanza kabla ya kujihukumu.

Najua kuna mtu ataniuliza, na mafuriko je? Ni swali la haki. Aprili na Mei 2024 mvua hiyo hiyo ilibeba nyumba na watu Mathare na kwingineko, na kuna wahubiri niliwasikia wakisema ni adhabu. Mimi nilikasirika na bado nimekasirika. Yesu aliletewa habari kama hiyo kwa Luka 13, akataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Mtu anajenga karibu na mto kwa sababu hapo ndio kodi anaiweza, sio kwa sababu ana dhambi kuliko mwenye nyumba kule Karen kwa matajiri, na maji yanapata nguvu zaidi tukishajaza mitaro na taka zetu na kuziba njia za mto kwa mawe na saruji. Hiyo ni kazi ya mikono yetu, tusimsukumie Mungu.

Kitu kingine ni visiki. Ayubu 14 inasema mti una matumaini, ukikatwa utachipuka tena hata kama shina limekufa udongoni, ukisikia tu harufu ya maji. Mkaratusi ukiukata unafanya hivyo hivyo, mvua mbili tatu na kisiki kimejaa machipukizi. Lakini niseme ukweli, saiprasi ukiikata huwa basi, haichipuki. Ndio maana siwezi kusema miti ndiyo injili, miti inakumbusha tu, deni la dhambi zetu lililipwa msalabani. Pale saiprasi ilipokatwa lazima mtu aje achimbe shimo apande mche mpya, na hapo ndio namkumbuka Profesa Wangari Maathai na wenzake walioenda msitu wa Karura hapa Nairobi Januari 1999 wakiwa na miche, msitu umeshagawiwa watu wa kujenga, wakapigwa mpaka yeye akatoka damu kichwani. Leo watu wanatembea mle ndani na watoto wao, chini ya miti iliyobaki kwa sababu kuna mtu aliumia. Msamaha nao ulikuwa na gharama kwa aliyeutoa, na mtu akishalijua hilo hawezi kuuchezea, lakini pia hawezi kuukataa ati kwa heshima, kwa sababu umeshalipiwa.

Sasa ombi langu kwa wachungaji, haswa wa makanisa ya mabati huku kwetu. Jumapili jioni msimu wa mvua tunakuwa ndani, mapazia yamefunika madirisha yote, spika ziko juu kabisa, na tunaimba kuhusu rehema huku tumeifungia nje. Mvua ikipungua na jua litoke, zimeni hizo spika kwa dakika kumi tu, mtoe watu nje wote, wazee kwa watoto, na wale vijana wanaosimama pale getini bila kuingia muwaite pia. Mtu asome Mwanzo 9 kwa sauti tukiwa tunaangalia upande wa Dandora. Mvua za vuli zinaendelea mpaka Desemba, muda upo, na mimi huyo mtoto wa jirani nimeshamwambia akikataa kuingia ndani tutakutana naye hapo nje.

Mama wa ushirika,
Huruma, Nairobi