Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa kufuata pointi Arizona

Wanachama wenzangu, salamu kwenu nyote wa Phoenix, Glendale, Mesa, na ndugu zetu wa Tucson ambao wengi hawajaweza kufika kwa sababu ya zamu. Katiba yetu inataka mwenyekiti atoe taarifa kabla ya uchaguzi, basi naitoa, na sitaisoma kama risala ya mgeni rasmi, nitaongea tu kama tunavyoongea kwenye gari.

Kwanza kwa wapya maana kila wiki naulizwa hichi chama chenu kinafanya nini hasa. Ni hivi. Dunia nzima imegawanywa maboksi kwa latitudo na longitudo, boksi moja digrii moja kwa digrii moja, la kwetu la Phoenix ni 33 kaskazini na 112 magharibi, upana wake kama kilomita 93 na urefu kama 111. Kila siku boksi linapata pointi moja, na sisi tunasafiri kuifikia. Pointi haichaguliwi na mtu, inatokana na tarehe ya siku hiyo pamoja na namba ya Dow Jones soko la hisa la New York linapofungua, zinachanganywa na fomula ya kompyuta zinatoka desimali za latitudo na longitudo. Wazo lilianzia kwenye katuni moja ya mtandaoni Mei 2008 na watu wakalichukulia siriasi, sisi tumelirithi tu. Sasa kwa vile Arizona hatubadilishi saa na New York wanabadilisha, kiangazi pointi inatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na wakati wa baridi saa moja na nusu, ila za Jumamosi na Jumapili zinatumia namba ya Ijumaa, kwa hiyo ukitoka zamu ya usiku Ijumaa unakuta pointi ya wikendi tayari iko kwenye simu. Na desimali za wikendi ni zilezile dunia nzima, namba za mbele tu, yaani digrii za boksi, ndo zinabadilika. Shemeji yangu yuko Dar, boksi lao ni 6 kusini na 39 mashariki, Dar na sehemu kubwa ya Unguja zimo humohumo, longitudo ikivuka 39.6 hivi basi ni maji matupu. Jumamosi sisi tukiwa tunatembea kwenye mawe yeye anatuma ujumbe kwamba yake imezama, anahitaji ngalawa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana najua linasemwa pembeni. Kuna wanachama wanalalamika kwamba safari nyingi mwaka huu tumerudi bila kufika kwenye pointi, mafuta yameungua, watoto wamechoka, halafu mwenyekiti anasema tugeuze. Nimesikia. Jibu langu ni kwamba sitabadilika na nataka mnichague au mniache mkijua hivyo.

Angalieni ramani ya hili jimbo. Ardhi ya watu binafsi haifiki hata moja ya tano. Zaidi ya robo ni ya mataifa ya wenyeji, yako 22 yanayotambuliwa na serikali, na hao si watu wa kwenye makumbusho, wana serikali zao, polisi wao na sheria zao. Kuna ardhi ya jimbo iliyotengwa kuingizia shule pesa, zaidi ya ekari milioni 9, hiyo inahitaji kibali hata kama ni kutembea tu na kupiga picha. Kuna jeshi, Luke Air Force Base iko humohumo kwenye boksi letu, na boksi la kusini yetu lina eneo la mazoezi la Barry M. Goldwater ambako ndege zinaangusha mabomu na mengine hayajalipuka bado yako mchangani. Halafu ndo kuna ardhi ya BLM, yaani idara ya ardhi ya serikali kuu, hiyo ni ya umma na sehemu kubwa unaingia bila kumuuliza mtu. Pointi haijui tofauti ya hizi zote. Fomula haina adabu, adabu ni ya kwetu.

Ile siku pointi iliangukia ndani ya ardhi ya wenyeji wa Gila River kusini ya mji, tulifika kwenye geti la seng'enge, kibao kimeandikwa wazi wasio wanachama wa kabila wasiingie, na GPS inaonyesha bado mita mia nne hivi. Kijana mmoja akasema mzee hakuna mtu anayetuona. Jamani. Wengi wetu hapa, wa Kivu, wa Burundi, wa kule kwetu ambako shamba la babu lilimegwa, tunajua ardhi kuingiliwa inavyouma. Mtu angeingia kwenye kihamba cha bibi yako ameshika simu anasema namba zimenileta, ungemwelewa? Tukageuza. Na mimi naiandika ile kama safari iliyokamilika, siiti kufeli.

Tena hiyo kurudi ndo ilitupa siku nzuri kuliko zote. Tulirudi kwa Baseline Road, ile mnayoipita kila siku South Phoenix kwenda kazini, nikawaeleza watoto kwamba jina si la bure, ule ni mstari wa msingi wa upimaji wa karibu Arizona yote, ulianza kupimwa 1867 kutoka kwenye kilima kidogo pale mito ya Gila na Salt inapokutana karibu na Avondale, na kiwanja chochote cha Phoenix mpaka leo hati yake inahesabu kutoka pale. Watoto wakataka kukiona kilima. Tukaenda. Hakuna cha maana sana, jiwe na upepo na kelele za magari, lakini walikuwa wanabishana nani asimame pale sifuri inapoanzia.

Pointi zilizofikika nazo hazikuwa Grand Canyon. Hii wapya waelewe mapema, mkitaka picha za kalenda nendeni Sedona. Pointi inakupeleka nyuma ya maghala ya Tolleson, kwenye mashamba ya Buckeye, kwenye korongo kavu lisilo na jina. Kule Buckeye ilitua ukingoni mwa shamba la pamba, mwenye shamba tulimwomba akakubali, akabaki kutuangalia kama tumerukwa na akili. Mzee wetu mmoja mwenyeji wa Shinyanga akachuma kitumba kimoja kilichofunguka, akaivuta ile pamba kwa vidole taratibu kupima nyuzi, akasema hii ni ndefu kuliko yetu. Mwenye shamba akashuka kwenye pikapu. Wakaongea pamba karibu saa nzima, mzee Kiingereza chake cha kuokoteza na yule bwana hana Kiswahili hata neno moja, wakaelewana kabisa, sisi tumesimama juani. Hiyo haiuzwi kwenye tiketi yoyote ya utalii.

Magharibi zaidi, karibu na Tonopah, tulikuwa na pointi ambayo muda wote wa kutembea unaona mvuke wa Palo Verde, kile kituo cha umeme wa nyuklia. Kinapoozwa kwa maji machafu ya mjini yaliyosafishwa, maana hakuna mto wala bahari ya karibu. Mama mmoja akauliza kwa hiyo maji yetu ya chooni yanaishia kule? Ndiyo mama, yanakuwashia taa.

Usalama sasa, hapa sicheki. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo kila mchana joto linafika 110 za Fahrenheit au zaidi, ni nyuzi 43 za kwetu, na kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vya joto mwaka ule. Tumekulia joto la Kigoma lakini tusidhani hili ni ndugu yake, hili ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona na wewe unaisha ndani kwa ndani. Kwa hiyo Juni mpaka katikati ya Septemba hatufuati pointi za bondeni. Tunatumia boksi la Flagstaff, 35 na 111, kule ni mita kama 2,100 juu kuna misonobari na hewa ya kuvaa sweta jioni, ila kona yake ya kaskazini mashariki ni ya Wanavajo, kwa hiyo yale ya vibali ni yaleyale. Maji ni galoni moja kwa mtu kwa siku, mtoto pia ni mtu. Mvua za Julai na Agosti zikianza hakuna kuvuka barabara yenye maji, jimbo lina sheria kabisa ukipita kizuizi ukaokolewa unaweza kulipishwa gharama za uokozi. Vumbi likisimama kama ukuta, toka nje ya lami, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki, maana wa nyuma akiona taa zako anakufuata akidhani barabara iko hapo.

Na kitana. Kila begi liwe na kitana. Ile kaktasi inayoitwa cholla haikuchomi tu, kipande kizima kinang'oka na kuja na wewe, ukikishika kwa mkono ili ukitoe basi na mkono umeenda. Dada yetu mmoja kilimganda kwenye shavu la mguu kupitia suruali, akataka kukivuta, katibu akamwahi, akaingiza kitana kati ya ngozi na kile kipande, akakirusha mbali kwa mkupuo mmoja, kisha akatoa miiba iliyobaki moja moja kwa koleo ndogo ya nyusi. Machozi yalimtoka lakini alimaliza safari.

Wanaokwenda maboksi ya kusini beba vitambulisho na karatasi zenu za ukaaji, barabara za kule zina vizuizi vya Border Patrol, askari wa mpakani.

Mahesabu mweka hazina atawasomea, kwa kifupi hatudaiwi. Pesa kubwa ilikwenda kwenye tairi na kile kifaa cha kuita msaada kwa setelaiti, na kuna waliosema ni anasa, mimi nasema kwenye makorongo hakuna netiweki na sitakwenda kumwambia mke wa mtu kwamba tulibana matumizi.

Maombi yangu kwenu ni mawili. Kila familia ikate kibali cha ardhi ya jimbo kabla ya msimu kuanza, tusianze kutafutana Jumamosi asubuhi. Na tupitishe kwenye katiba kwamba safari iliyogeuzwa kwa kukosa ruhusa inahesabiwa sawa na iliyofika, ili asitokee mtu wa kuwasukuma vijana waruke seng'enge kwa ajili ya rekodi. Tutapiga kura kwa mikono baada ya chai, kisha uchaguzi. Anayeweza kuendesha gari lililoinuka, la njia mbovu, wikendi ijayo amwone katibu, viti vitatu bado viko wazi.