Kikokotoo chako cha Kirusi si kibovu

Wiki hii kimerudi kingine. Mteja alinunua kwetu Elektronika MK-61, akakaa nayo siku mbili, akatuandikia: "Inapokea namba lakini haijumlishi. Na kitufe cha sawasawa mmekipeleka wapi?" Hatujakipeleka popote. Hakikuwahi kuwepo.

Vikokotoo hivi vya Umoja wa Kisovieti, toka B3-34 ya mwaka 1980 hadi MK-61, vinataka namba kwanza, alama baadaye. Unataka kujumlisha 3 na 4, kisha uzidishe kwa 5? Bonyeza 3, В↑, 4, +, 5, ×. Kwenye kioo inawaka 35 ya kijani. Mabano huyahitaji. Kile kitufe cha В↑ kinaiambia mashine: hiyo namba imeisha, nakupa nyingine. Mkono ukishazoea, kalkuleta ya kawaida inaanza kukukera; mimi yamenikuta.

Wengi hutishwa na maandishi. Kitufe kimoja kinaweza kubeba kazi tatu: moja imeandikwa juu yake, nyingine pembeni kwa njano na buluu. F huita za njano, K huita za buluu. F kisha 7 ni sin, F kisha + ni π. Tanjenti usiitafute kwa "tan", Warusi huandika tg. Na С/П, ile yenye herufi iliyokaa kama goli la mpira, ni simama/anza: ndiyo inayoendesha programu, na MK-61 hubeba hatua 105.

Ukiona sin ya 30 inatoka -0.988 badala ya 0.5, angalia swichi ya vipimo vya pembe. Р ni radiani, Г ndiyo nyuzi. Ukigawa 1 kwa 2 ukapata 5. -01, hiyo ni 0.5, usituletee. Ukigawa kwa sifuri utaona ЕГГ0Г. Ilikusudiwa iwe "Error", ila r ilitoka kama Г, ambayo kwa Kirusi ni g, basi Warusi wenyewe wakaisoma "eggog".

Cha kutuletea ni hiki: unabonyeza mara moja, namba inaingia mara mbili. Huo ni uchafu chini ya kitufe, tunausafisha. Ila toa betri zote tatu kabla ya kufunga kifurushi. Cha mwisho kutufikia kilikuwa kimevujiwa hadi springi zimeota ukungu wa kijani.