Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: kisima cha Negele na kisima chetu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: PAMPU YA MAJI ILIYOHARIBIKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa umri wewe ndiye ungenipa shikamoo, lakini cheo ni cheo, nakusalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nilishika chaki miaka 34, na kikokotoo cha pensheni kilipomaliza kunikokotoa nikarudi nyumbani kulima mihogo na kuteka maji. Kwenye mkutano wako wa hadhara wa juzi, mama mmoja alisimama akauliza pampu ya kisima chetu itatengenezwa lini. Ulimjibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Hilo tumelizoea. Lakini ukaongeza kuwa watu wa kulalamika-lalamika wanataka kutuletea mambo ya mapinduzi, na wote waliokaa meza kuu wakacheka. Mimi sikucheka. Mapinduzi ni mada niliyofundisha mpaka nikastaafu, na nalijua moja lililoanza na pampu ya maji.

Tarehe 12 Januari sisi hupumzika kukumbuka Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Miaka kumi baadaye, tarehe hiyohiyo, mwaka 1974, askari wa vyeo vya chini katika kambi ya Negele, kusini mwa Ethiopia, waliwageukia maofisa wao na kuwaweka chini ya ulinzi. Hakuna mwanasiasa aliyewatuma. Pampu ya kisima chao ilikuwa mbovu, chakula nacho kibaya. Maofisa walikuwa na kisima chao hapohapo kambini, kizima, wakawakatalia askari kuteka. Kilio kikapelekwa kwa Mfalme Haile Selassie, naye akamtuma mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Deresse Dubale, akawasikilize. Jenerali naye akashikwa. Wakamkalisha, wakamwekea chakula kilekile wanachokula wao, wakamwambia ale, na maji yaleyale, anywe.

Nilipokuwa nafundisha, hapa ndipo darasa zima lilipokuwa linaamka, hata wale wa nyuma. Wanafunzi walitaka kujua jenerali aliyanywa au hakuyanywa. (Aliyanywa. Angefanyaje?)

Mfalme hakuwaadhibu, alitoa ahadi. Habari zikapita kwenye redio za jeshi, kambi moja ikaisimulia nyingine, na ilipofika tarehe 25 Februari kikosi cha Asmara, wakati huo mji wa pili kwa ukubwa Ethiopia, nacho kilikuwa kimeasi. Mjini Addis Ababa, wiki hizohizo, madereva wa teksi waligoma kwa sababu bei ya petroli ilipandishwa ghafla. Walimu wenzangu waligoma kwa mishahara, na kwa mpango mpya wa elimu ambao waliuona umepangwa ili mtoto wa maskini aishie madarasa ya chini. Mwisho wa mwezi Waziri Mkuu Aklilu Habte-Wold, aliyekuwa madarakani tangu 1961, akajiuzulu na baraza lake lote.

Sasa Mheshimiwa, usiniambie ufalme uliojinasibu na damu ya Nabii Suleiman uliangushwa na mpira wa pampu uliochakaa. Kisima kilikuwa pale watu walipojikwaa tu. Kilichokuwa kimejaa kilikuwa kingine.

Kilikuwa ardhi. Kusini mwa Ethiopia mkulima wa kawaida alilima shamba la mtu, na wakati wa mavuno mwenye shamba alichukua theluthi, au nusu, na wengine zaidi ya nusu. Wenye mashamba walikuwa makabaila wa ukoo wa kifalme, maofisa, Kanisa. Tangu 1965 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana wakidai ardhi apewe anayeilima. Serikali haikukaa kimya, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu utafikiri nasimulia halmashauri yetu. Mwaka 1966 iliunda wizara nzima ya mageuzi ya ardhi. Wizara ikaandaa muswada wa kumlinda mkulima mpangaji. Muswada ukaenda bungeni. Bungeni waliketi wenye mashamba. Mwaka 1974 mapinduzi yanaanza, muswada bado uko bungeni. Mchakato unaendelea.

Halafu ikaja njaa ya Wollo, mkoa wa kaskazini. Mvua ilikataa, na kati ya 1972 na 1974 watu walikufa kwa makumi ya maelfu, wengine kandokando ya barabara kuu wakingoja gari lolote lisimame. Jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa ni kwamba pale Dessie, mji mkuu wa Wollo, nafaka sokoni haikupanda bei sana, na malori mengine yalikuwa yanaitoa nafaka mkoani kuipeleka Addis Ababa. Chakula kilikuwepo nchini. Mkulima aliyepoteza mazao na ng'ombe wake hakuwa na senti ya kukinunua, na soko halimwoni mtu asiye na senti. Alikufa barabarani huku lori la mahindi likimpita.

Naomba utulie kwenye lori hilo, maana sisi nasi tuna letu. Kila Jumanne na Ijumaa boza la maji hupita njia yetu likipanda kilimani kwenye nyumba za wakubwa. Koki yake ya nyuma haifungi vizuri. Watoto wameshajua saa, hukimbia nyuma ya boza na makopo na mabeseni, wakikinga matone, mpaka kwenye kona ya mbuyu ambapo dereva huongeza mwendo. Mjukuu wangu ana miaka 9, na siku moja alirudi na robo kopo na goti limechubuka, amefurahi kweli. Dumu la lita 20 kwa mwenye mkokoteni ni shilingi 500. Asiye nayo huenda lamboni, anakunywa na ng'ombe.

Turudi Ethiopia. Umaskini wenyewe haukutosha kumwangusha Haile Selassie. Wakulima wale walikuwa maskini kwa vizazi na ufalme ulisimama vizuri tu. Tofauti ni kwamba juu pamelegea. Mfalme alikuwa na miaka 81, na waliomzunguka walijifunza kumpelekea habari tamu. Njaa ya Wollo ilifanywa siri. Wakulima waliotembea kwenda Addis Ababa kuomba msaada walirudishwa na polisi kabla hawajaingia mjini. Wahadhiri na wanafunzi walioonyesha picha za njaa hiyo chuoni mwaka 1973 walichukuliwa kama wachochezi. Kwa hiyo serikali ilikuwa na nguvu ya kumzuia mwenye habari, lakini haikuwa na nguvu ya kufikisha gunia. Huo ndio ninaouita utawala dhaifu, na wengi hukosea wakidhani udhaifu ni upole.

Walipoanza kutoa, walitoa vipande vipande na kwa kuchelewa. Petroli ikashushwa bei, askari wakaongezewa mshahara, waziri mkuu mpya akateuliwa. Kila kilichotolewa kikawafundisha watu kwamba ukipiga kelele unapata. Mwezi Juni askari wakaunda kamati yao, maarufu kwa jina la Derg, neno ambalo maana yake ni kamati tu. Ikaanza kukamata wakubwa mmoja baada ya mwingine, kwa jina la Mfalme mwenyewe! Majina yalisomwa redioni, na wengi wakajipeleka kwa miguu yao. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Septemba 1974, televisheni iliwaonyesha watu wa Addis Ababa wafu wa Wollo, picha zikipishana na za karamu za ikulu. Asubuhi Mfalme alitolewa akapakiwa kwenye Volkswagen ndogo. Vijana barabarani walikuwa wanamwita mwizi. Jina lake bado liko kwenye barabara kule Oysterbay, Dar es Salaam. Pita siku moja, ni barabara nzuri.

Najua kuna watakaokunong'oneza kwamba huyu mzee anachochea, na najua sheria inakupa saa 48 za kumweka mtu ndani. Basi nimalizie hadithi, uone niko upande gani. Tarehe 23 Novemba 1974 ile kamati iliua watu wapatao 60 kwa usiku mmoja bila kesi, wakiwemo mawaziri wakuu wawili wa zamani. Machi 1975 ardhi ikataifishwa, na wakulima wa kusini walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini 1977 na 1978 watoto wa shule, waliokuwa wanaimba nyimbo za mapinduzi, waliuawa kwa maelfu na serikali ya mapinduzi. Mwaka 1984, Derg ilipokuwa inasherehekea miaka kumi kwa mapambo na magwaride, njaa ilikuwa tena Wollo. Nayo ikafichwa tena.

Nimefundisha hayo yote. Sina hamu nayo. Mwanangu ni mwanajeshi, mjukuu wangu ni yule wa kopo. Hesabu zozote za mapinduzi zitaanzia nyumbani kwangu. Ndiyo maana nilikasirika ulipolifanya neno hilo mzaha wa kumnyamazisha mama anayedai maji.

Maombi yangu ni madogo. Kamati yetu ya maji ilichangisha, risiti zipo, na fundi alileta makadirio ambayo yako ofisini kwako tangu kabla ya masika; yasomwe mbele ya watu, hata kama jibu ni kwamba fedha hakuna. Na wakati tunasubiri, tangi la kilimani liwekewe bomba moja upande wa nje wa ukuta, unaotazama barabara. Mabomba nayafahamu bei, ni kazi ya asubuhi moja.

Ukipata nafasi, karibu nyumbani, mtendaji wa kata anapajua. Mke wangu atakupikia muhogo. Maji ya kunywa yatakuwa ya lamboni, tumeyachemsha na kuyachuja kwa kanga, lakini rangi haitoki yote. Kikombe nitakuwekea mezani. Mimi sitakulazimisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, namba 41 kwenye foleni ya leo