Barua ya wazi kwa mjomba: mbona furu hazai sangara?

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Swali uliloniuliza pale mwaloni Kirumba, kwamba ikiwa viumbe hubadilika mbona hakuna aliyewahi kumwona furu, yule samaki mdogo wa Ziwa Victoria, akizaa sangara, nalijibu hapa hadharani kwa kuwa wanaouliza hivyo ni wengi. Sangara tumweke kando, maana ni mgeni aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Kila furu huzaliwa na furu anayefanana naye. Kinachogawanyika ni jamii nzima ya samaki, pale makundi yake mawili yanapoacha kuzaliana na kila kundi likaendelea kujikusanyia tofauti zake ndogo ndogo za kurithi.

Tazama miamba ya Kisiwa cha Makobe, huku kwetu kusini mwa ziwa. Wapo furu wa aina mbili zenye undugu wa karibu mno: dume wa aina ya kwanza ni wa buluu na hukaa maji ya juu, ilhali dume wa aina ya pili, iliyopewa jina la kisayansi Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu, ana mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Maji ya ziwa letu huuzuia mwanga wa buluu mapema, hivyo kadiri unavyozama ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea wekundu. Utafiti ulioongozwa na mwanabiolojia Ole Seehausen, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba jeni moja ya macho hutofautiana baina ya aina hizo, kila moja ikifaa mwanga wa mahali pake. Majike wa chini huwapendelea madume wekundu, wa juu huwapendelea wa buluu, na kwa namna hiyo hutengana bila ukuta wowote, jambo ambalo mimi hunishangaza kuliko habari zote za visukuku.

Kwa njia kama hizi ziwa limepata takribani spishi 500 za furu, nyingi zikiwa zimetokea tangu lilipojaa upya baada ya kukauka, yapata miaka 15,000 iliyopita.

Utauliza, wa katikati wako wapi? Nenda Luanso, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, ambako maji ni ya tope na rangi hazionekani vyema: huko hakuna aina mbili, bali jamii moja iliyochanganyika, yenye madume wa buluu, wekundu na wa rangi za kati, nao wanazaliana vizuri tu.

Mpwa wako