Mavi ya panya yana kazi yake

Mhariri,

Juzi barazani hapa Bondeni tunapiga kahawa, mzee mmoja akaanza kucheka ati kuna wasomi wazima wamekaa maabara wanapima mavi ya panya kutafuta kinga ya virusi, pesa zaliwa bure. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilipofika nyumbani ikaniwasha, manake kazi ya maabara nimeifanya miaka na najua wanachokichokora huko.

Virusi vya rota, hivi vinavyowaendesha watoto mpaka macho yanaingia ndani, vilitambuliwa 1973 kule Melbourne, Australia, na mtafiti Ruth Bishop na wenzake, tena walivipata kwa vipande vya utumbo wa watoto wagonjwa. Maskani ya virusi hivi ni utumbo mwembamba. Sasa ukichukua damu ukapima antibodi, yaani protini za kinga za mwili, utaona kitu, sawa, lakini huko siko vita viliko. Askari wa utumbo ni antibodi anayeitwa IgA, anatengenezwa na seli za ukuta wa utumbo wenyewe, anamwagwa ndani, anatoka na choo. Ndio maana wanaokota vile vinyesi vya panya, wanavipima uzito, wanavivuruga kwa maji ya chumvi yenye dawa ya kuzuia vimeng'enya visimle huyo askari, wanazungusha kwa mashine, yale maji ya juu ndio yanaingia kwa sahani ya vishimo 96 pamoja na dawa ya kutoa rangi, rangi ikikolea ujue IgA imejaa. Wengine wanamchinja panya kabisa, wanakata utumbo vipande wanaviweka kwa maji ya lishe waone vyenyewe vitatoa antibodi gani. Mtoto wa mtu utamfanyia hivo?

Panya mkubwa naye akipewa rota haendeshi, anayeendesha ni mchanga ambaye hajafika wiki mbili, kwa hivo kwa mkubwa wanahesabu virusi vinavyotoka na choo siku baada ya siku, halafu baadaye wanampa tena waone kama vitatoka; visipotoka, kinga imeshika.

Sisemi panya ni mtu. Panya wa maabara anakula safi, hanywi maji ya kisima cha Likoni, na hizi chanjo za rota za mdomo zinafanya vizuri zaidi nchi tajiri kuliko kwetu, hilo lajulikana. Lakini Kenya inawapa watoto matone ya rota tangu 2014 na bado nasikia kina mama wakinung'unika kliniki, "matone tu, mbona hawamdungi?" Mwanangu, kirusi chenyewe kimepitia mdomoni!

Kesho yake nikamweleza yule mzee yote haya. Akanywa kahawa yake, akaniuliza, "Na hao panya, nani anawaoshea vizimba?"

Nikamwambia miaka miwili ya mwanzo ilikuwa mimi.

Msomaji wenu,
Bondeni, Mombasa