Vakansi kubwa si msimu wa kuzamia baharini

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari uliwashauri wasomaji wanaotaka kwenda Zanzibar au Mombasa kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa wachague mwezi wa saba na wa nane, kwa sababu mvua imekata na watoto wako vakansi. Kwa barabara za Masisi, huku kwetu karibu na Goma, ambazo mvua huzigeuza matope, ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa bahari si sahihi, na anayeufuata anaweza kupoteza pesa alizokusanya mwaka mzima.

Baharini msimu haupimwi kwa mvua bali kwa upepo. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, pwani ya Tanzania na Kenya hupigwa na upepo wa kusi, na makali yake ni Juni, Julai na Agosti. Mbingu huwa safi, picha zinapendeza, lakini bahari imevimba. Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, ambao kwa kawaida ni mpole zaidi. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho wapwani hukiita maleleji: upepo mmoja umeondoka na mwingine bado haujashika. Oktoba na Novemba ndizo siku zake nzuri, kisha mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, kaskazi inapolegea kabla masika hayajaanza. Wakati huo mchanga hutulia chini, na kwenye visiwa vya Mnemba au Pemba mtu huweza kuona mita 20 mbele yake, siku nyingine hata 30.

Tukae kidogo kwenye Agosti, maana ndiyo mliyoisifu. Maji huwa karibu nyuzi 25, na mtu aliyezoea kuoga Ziwa Kivu ataona ni joto la kutosha. Lakini mzamiaji hukaa chini dakika 40 au 50, mara mbili kwa siku, na maji yanamnyonya joto muda wote huo. Kwa hiyo anahitaji suti ya milimita 5 badala ya ile ya milimita 3 inayotosha mwezi wa tatu. Suti nene huelea, kwa hiyo lazima aongeze vipande vizito vya risasi kwenye mkanda. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea: wanapima uzito mwanzoni, mtungi ukiwa umejaa. Mtungi wa lita 12 ukishuka kutoka 200 hadi 50 kwenye kipimo cha mgandamizo wa hewa, hewa iliyotumika ilikuwa na uzito wa karibu kilo 2. Mwanafunzi aliyekuwa sawa wakati wa kushuka sasa ni mwepesi, na ni wakati huohuo anapotakiwa kusimama mita 5 chini ya uso kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Bahari ikiwa shwari atajikaza. Katika kusi, wimbi linapita juu yake, linamwinua na kumshusha, na asipokuwa na kamba ya kushika anachomoka juu kama kizibo. Akifika kwenye boti, ngazi nayo inapanda na kushuka. Hapo bado hatujagusa kichefuchefu. Dawa yake inywewe angalau saa moja kabla ya kupanda boti, si baada ya tumbo kuchafuka.

Ikiwa familia haina njia ila vakansi kubwa, basi ichague upande wa kisiwa. Kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, chenyewe huwa ukuta: Mji Mkongwe upande wa magharibi na Kendwa kaskazini-magharibi huwa na maji tulivu kuliko fukwe za mashariki. Kaskazi ikivuma mambo hugeuka, na Nungwi na Mnemba ndizo zinazopata mawimbi. Kisiwa cha Mafia kina ghuba ya Chole. Wakati wa kusi wazamiaji hubaki ndani ya ghuba, kwa kuwa ukuta wa matumbawe ulio nje haufikiki kwa usalama. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize mwenye kituo: mwezi huo boti zenu huenda mwamba gani, na upepo ukizidi mna mwamba gani wa akiba? Asiyekuwa na jibu la swali la pili, usimpe pesa ya kianzio.

Vakansi ya Pasaka nayo ni mtego. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, mito humwaga tope, na Mafia inatazamana na mdomo wa Rufiji. Hoteli kadhaa za pwani hufunga Aprili na Mei. Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini Hidaya ilifika Mafia mwezi wa tano 2024.

Jambo jingine ambalo ukurasa wenu haukuligusa ni mwezi wa angani. Wavuvi wetu wa sambaza hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa sababu taa zao hazivuti samaki tena. Mzamiaji naye auangalie mwezi. Ukiandama na ukipevuka, bahari huwa na bamvua: huko Zanzibar tofauti ya kupwa na kujaa hufikia karibu mita 4, na maji yote hayo yakipita kwenye milango myembamba ya Pemba huwa mkondo ambao mwanafunzi hawezi kushindana nao. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na mkondo hupungua. Ukishapata mwezi mzuri wa kalenda, tafuta ndani yake wiki ya maji mafu kwa ajili ya kozi. Na kila siku, muda mzuri ni maji yanapojaa, kwa sababu huleta maji safi ya bahari kuu. Yanapokupwa huburuta uchafu wa mikoko na mchanga wa ufukweni.

Kuna wanaokwenda kwa ajili ya papa potwe, yule mkubwa mwenye madoa. Hao waende Mafia kati ya Oktoba na Februari, upande wa Kilindoni, na wajue kwamba hawatakuta maji ya kioo. Papa huyo hufuata chakula chake, vijidudu vidogo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani. Wala mtungi hauhitajiki: miwani, bomba la kupumulia na mapezi vinatosha.

Sasa kurudi nyumbani, jambo linalotuhusu watu wa Goma kuliko watu wa Dar es Salaam. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Nitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inahitaji muda kutoka, na mtu akipanda juu mapema hugeuka mapovu kwenye viungo na mishipa. Kanuni ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku nyingi. Ndege ikiondoka Jumapili saa 3 asubuhi, mbizi ya mwisho iwe imekwisha Jumamosi saa 9 alasiri. Sisi hushauri siku nzima bila kuzamia. Wengine hupanda treni ya Mombasa hadi Nairobi wakidhani kwamba bila ndege wako salama. Nairobi iko karibu mita 1,700. Kanuni inahusu mwinuko, si chombo.

Mengine ni mafupi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Zanzibar humtoza mgeni bima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Soma kama inagusa kuzamia, na kama haigusi nunua ya wazamiaji. Mwambie daktari kwamba utazamia kabla hajakuandikia kinga ya malaria, kwani kizunguzungu na wasiwasi unaoletwa na meflokwini, mojawapo ya dawa hizo, hufanana na dalili za ugonjwa wa mgandamizo, yaani ule wa mapovu ya nitrojeni.

Kwa mzazi aliyefungwa na kalenda ya shule, basi, vakansi ya kuchagua ni Noeli: vuli inaisha, kaskazi bado changa, maji yako nyuzi 28 hivi, na papa potwe wapo Mafia. Bei hupanda, kwa hiyo nafasi ishikwe mwezi wa tisa. Tunaomba mrekebishe jedwali lenu la miezi mapema, kabla wazazi hawajaanza kulipia nafasi za Julai.

Wakufunzi wawili wa kuogelea na kuzamia,
Himbi, Goma